Nyeusi Isiyotaka Mafuta

Kemoi,

Umeteremka kwa kogo kumuaga, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujamaliza kibuyu kizima cha mursik, maziwa yake ya mgando. Kwa hivyo nina jioni yangu. Ukungu umepanda kutoka mtoni, umefunika majani chai ya upande wa chini, na miti ya mpakani imebaki vichwa tu, kana kwamba mtu alianza kuipaka rangi akaitwa kula. Ng'ombe ameshakamuliwa. Nimenawa mikono kwa sabuni mara tatu. Utaona mbele kwa nini nakutajia.

Sitakuandikia habari za soksi, wala kutandika kitanda, wala kwenda kanisani. Kesho saa hizi utakuwa Nakuru na una miaka kumi na tisa. Mambo hayo ama unayo ama huna. Nataka kukuandikia habari za ule mlango.

Najua umeshakunja uso. Mwaka mzima hakuna aliyeutaja mlango ule katika nyumba hii. Vumilia kidogo. Mimi niliishia kidato cha pili na sijazoea kuandika kitu kirefu, nikikatizwa sitarudi tena.

Unakumbuka siku ile chupa ya rangi ilipofika? Ulikuwa umeingojea wiki tatu, kila jioni unapanda Silibwet kuuliza kwenye ofisi ya vifurushi, mpaka wale wasichana wakakupa jina, Bwana Chupa. Ulipoileta ulinikalisha chini kama mtu anayeletewa habari ya msiba.

"Mama, hii si nyeusi ya kawaida. Hii inameza mwanga."

"Iumeze polepole," nikakuambia. "Tokeni za stima zinaisha."

Hukucheka. Ukachukua kokoto, ukaipaka, ukaingojea ikauke, ukaniwekea kiganjani. Nami nikaona kiganja changu kimetoboka. Hapakuwa na kokoto tena, palikuwa na shimo, na shimo lilikuwa na uzito. Nikalitupa chini na kupiga kelele. Hapo ndipo ulipocheka, mpaka ukakaa sakafuni.

Mimi nimepaka rangi vinyago vidogo tangu ulipokuwa mgongoni. Mama Akinyi ndiye aliyenifundisha, pale kibandani kwake kando ya barabara, ambapo wageni husimama kupiga picha za chai. Yeye alileta vinyago vilivyochongwa, urefu wa kidole, mimi nikavipa nyuso: mchuna majani na kikapu chake, mwanamke na mtungi wa maziwa, ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Nyeusi yangu ilikuwa ile ya kopo, ya kupaka madirisha. Sikujua kwamba nyeusi zina ngazi.

Wiki ya kwanza ulipaka ile rangi kwenye kila kitu. Mchuna majani wako alikuwa na gamboti nzuri, zenye mikunjo kwenye vifundo. Ukazipaka ile nyeusi na miguu ikakatika. Akabaki anaelea. Paka ndiye aliyekutoa machozi. Siku mbili ulichonga mbavu zake na sikio lake lililoraruka, na baada ya rangi akawa kama kivuli kilichokatwa kwa makasi. Kazi yako yote bado ilikuwepo, nikipapasa naisikia, lakini jicho halikuipata.

Kogo ndiye aliyekufungulia, bila yeye kujua. Alikuwa anasafisha sotet, kile kibuyu chake cha mursik, anasugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet kama walivyofanya mama zake. Akakuita.

"Weri, kijana wangu, chungulia humu. Unaona nini?"

"Sioni kitu, kogo."

"Basi kimekuwa tayari. Makaa ni ya ndani. Nje nimekipaka mafuta, kwa sababu nje ni kwa macho ya wageni."

Ulirudi unakimbia kati ya mistari ya chai. Kuanzia siku hiyo nywele na gamboti ukazipaka nyeusi ya kawaida yenye tone la kahawia, ukingoni ukaifanya nyepesi ili umbo lionekane. Ile chupa ukaiweka kwa ajili ya mahali ambapo mwanga haufiki kweli. Ndani ya mtungi. Chini ya ghala. Mlangoni.

Ndipo ukatengeneza jiko la kogo. Kibanda cha mviringo, ukubwa wa kikombe cha chai, paa la nyuzi za katani. Mlango umeachwa wazi nusu, na mwanamke amesimama kando yake na kibuyu, amegeuza kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka ndani. Ndani ukapaka ile nyeusi, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, na kila moja ukaingojea ikauke huku ukinigombeza nisifagie.

Kemoi, nilianza kuuota mlango ule. Naingia nikiwa mdogo kama kidole. Ndani hakuna giza la kutisha, ni giza la joto, lina harufu ya moshi na maziwa. Mtu ananiita kwa jina nililoitwa nilipokuwa mtoto. Nakaribia kuitika, kisha jogoo anawika na ni siku ya kuchuna majani. Nilikuwa naamka nimechoka kama kawaida yangu, lakini kuchoka kwa mtu aliyetoka safari nzuri.

Uliniambia, "Mama, usiiguse. Hata kwa kidole. Rangi hii haitaki kuguswa."

Nilisikia. Nataka ujue kwamba nilisikia.

Jioni ya kabla hujaipeleka kazi hiyo Nakuru, kwa wale mafundi wanaotengeneza vielelezo vidogo vya majumba, waone kama unafaa kuchukuliwa, ulienda Silibwet kunyolewa. Nilikuwa nimetoka kukamua, mikono bado ina mafuta ya kukamulia. Nikapita mezani. Nikaiinua, nikitaka tu kuchungulia mara moja kabla haijaondoka, na kidole gumba changu kikagusa ndani ya mlango, upande wa kushoto. Kilipotoka kiliacha alama inayong'aa, kama njia ya konokono. Nikaifuta kwa ncha ya leso. Ikaenea. Nikafuta tena.

Kuna kitu kingine, na nakiandika kwa sababu ni cha kijinga na ni cha kweli. Mlango ule, ukiondoa ile alama, nilikuwa nauona umepauka.

Unajua jinsi tulivyo. Mtoto wa mtu hatoki nje bila mafuta. Hata kama nyumbani hakuna sukari, uso wa mtoto utang'aa, maana akipauka ni mama yake anayesemwa. Na Mama Akinyi alinifundisha hivyohivyo siku ya kwanza: "Nyathina, mwanangu, kinyago bila vanishi ni mtoto bila mafuta. Nani atakibeba?" Miaka yote hiyo sijawahi kutoa kinyago mkononi mwangu bila vanishi. Nikakitazama kibanda chako, kinaenda mbele ya watu wakubwa, kimekauka hivyo, na kina alama ya mama yake mlangoni. Nikachukua brashi yangu na kopo langu. Nikapaka kote, paa, ukuta, mwanamke, na ndani ya mlango.

Vanishi ikiwa mbichi inadanganya. Kwa nusu saa mlango ulikuwa mweusi kuliko mwanzo, mweusi wa maji ya kisima. Nikalala na furaha.

Asubuhi wewe ulikuwa nje, unafunga kamba za viatu. Ilikuwa nikufungie kibanda kwa magazeti. Nikamulika kwa simu. Mlango ulikuwa umegeuka kijivu, unang'aa, na michirizi ya brashi yangu inaonekana kama mikwaruzo ya kuku. Hapakuwa na ndani tena. Palikuwa na ubao uliopakwa rangi. Mwanamke alikuwa bado amegeuza kichwa, lakini hakuna aliyemwita.

Ningekuita. Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu, nakusikia unapiga mluzi. Nilifunga kwa gazeti, nikaongeza gazeti jingine, nikafunga kamba, nikakuambia, "Usifungue njiani, vumbi litaingia."

Hadi hapo unaweza kusema mama aliogopa. Mimi mwenyewe nilijiambia hivyo miezi mingi.

Ulirudi siku hiyohiyo. Ukaketi kwenye kigoda, kibanda kiko magotini, gazeti limefunguka.

"Walimulika tochi mlangoni," ukasema. "Yule fundi mkubwa akaniuliza, kijana, hii nyeusi uliiona wewe mwenyewe? Amesema mkono ninao, jicho ndilo bado. Nirudi mwakani."

Kisha ukanitazama. "Mama, hukuigusa?"

"Niiguse nifanye nini?"

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikusema ndiyo wala la. Niligeuza swali likurudie wewe, na kwa sababu wewe ni mtoto mzuri hukuuliza mara ya pili. Ukasema labda ni unyevu wa huku kwetu, labda uliongeza maji mengi. Ukasema, polepole, kama mtu anayezungumza na kikombe chake, "Nilidhani nimeuona ule weusi. Kumbe nilikuwa naota."

Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko haukusimama. Na ndani yangu, Kemoi, kitu kilikaa chini kikapumzika. Nilikuwa nimepata mwaka mmoja zaidi wa wewe kulala chumba cha pili, mwaka mmoja zaidi wa viatu vyako mlangoni. Vanishi ilikuwa ujinga, na ujinga hata watu wa kanisa wanausamehe. Ile pumzi niliyoishusha ndiyo ninayokuomba unisamehe. Niliishusha huku nakutazama unaacha kuyaamini macho yako.

Nikueleze nilichokuwa naogopa. Sikuelezi ili unihurumie. Unapaswa kujua umetoka wapi.

Nilipokwenda shule ya bweni, kogo alinipaka mafuta usoni mpaka nikaogopa nzi. Watu wote wa hapa mlimani walitoka kuniona nikipita nimening'iniza sanduku la bati, nang'aa. Nilirudi kidato cha pili, na wewe tumboni. Nilitembea kutoka barabarani nikipanga maneno. Kogo alikuwa amesimama langoni, akanitazama kuanzia chini mpaka juu, akachelewa katikati. Akasema, "Umepauka. Njoo nikupake mafuta." Akanipaka. Akaninywesha chai. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu, na mpaka leo hatujasema.

Nilidhani ni upendo, na ulikuwa upendo. Lakini pale ndipo nilipojifunza kwamba jambo likipakwa mafuta limekwisha, na nimeishi hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Mimi na wewe tulikua pamoja. Wewe ukiota meno, mimi nilikuwa bado naongezeka kimo. Nilikulea nikiwa nimechoka kiasi kwamba siku nyingine nilikuimbia huku nimelala. Kila kitu kilichoniuma nilikipaka juu. Ulipouliza habari za baba yako nilikuongezea sukari kwenye chai. Ukasema chai ni tamu sana. Tutazungumza habari hizo ukija Krismasi. Nimeiandika, siwezi kuifuta.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mlango unapokuhusu wewe kuliko mimi.

Kazi uliyowapelekea mwaka huu, lile banda la kupimia chai, ni nzuri, na ndiyo iliyowafanya wakuchukue. Yule karani aliyeshika mizani nilimtambua hata kabla hujamalizia kofia yake. Lakini mimi ni mtu wa vinyago, nimechungulia. Chini ya mizani umepaka kahawia. Ndani ya lori, kahawia. Nyuma ya magunia, kahawia. Ni banda la saa sita mchana, halina mahali pa mtu kujificha mvua. Umeacha kuweka giza la ndani, Kemoi. Umeacha kwa sababu mtu alikuambia jicho lako lilidanganya, na mtu aliyejua ukweli alikuwa anasonga ugali.

Jicho lako halikudanganya. Weusi ule uliuona. Ulikuwepo. Mimi niliingia humo kila usiku.

Ile chupa uliitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya zizi. Niliifuata siku ileile, ikiwa bado na kijiko kimoja na nusu hivi. Kibanda ulikisukuma juu ya kabati, nacho nikakichukua. Siku ulizokuwa unachuna majani kwa jirani, mimi nilikaa dirishani na wembe, nakwangua vanishi mlangoni kidogo kidogo, kama mtu anayetoa tope kwenye jicho la ndama. Ilinichukua msimu wote wa mvua.

Kupaka kulinishinda mara tatu. Mara ya kwanza nilipaka nzito, nikiwa na haraka ya kukamua, ikapasuka kama tope la kiangazi. Nikakwangua. Mara ya pili sikutanguliza nyeusi ya kawaida chini, ukuta ukachungulia. Nikakwangua. Mara ya tatu ilitoka vizuri, nikasahau, nikaipangusa vumbi kwa kidole. Nilikaa pale nikacheka peke yangu, kwa machozi. Mtu mzima, miaka thelathini na sita, hawezi kuacha kitu bila kukigusa.

Mara ya nne nilinawa mikono kama daktari. Nilipaka nyembamba, nikaweka brashi chini, nikatoka nje nikachuna majani mstari mzima, nikarudi. Nyembamba tena, mstari mwingine. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unafanya wewe, na mimi nilikuwa nakuita mvivu. Karibu majani yote ya upande wa juu yalichunwa kwa ajili ya mlango mmoja usiozidi kidole gumba. Na kila ilipokauka na kupauka, mkono wangu uliliendea kopo la vanishi wenyewe. Nikaupa mkono kazi ya kuchota maji.

Jumapili moja nilichungulia, na kidole changu hakikuwa na hamu ya kugusa. Yule mwanamke alikuwa ameitwa tena.

Nilikuwa nimepanga kukificha kibanda hiki chini kabisa ndani ya begi lako, pamoja na barua hii, uvikute Nakuru nikiwa mbali na uso wako. Nimekaa na mpango huo wiki nzima. Leo nikikamua nimeona kwamba ni mafuta mengine tu. Kwa hivyo barua naiweka juu ya kitanda chako, na kisanduku chenye kibanda kando yake, utasoma mimi nikiwa jikoni. Ukikasirika, kasirika. Usinipigie simu wiki mbili, nitaelewa. Ya tatu upige, maana hata hasira ina mwisho wake na mimi bado ni mama yako.

Chupa pia iko humo. Imebaki kidogo sana, kama ya milango miwili. Huko mtatengeneza majumba ya watu wakubwa, yenye vioo pande zote, na wengi watataka kila kitu kionekane. Wape wanachotaka. Lakini popote utakapoona kwamba mwanga haufiki, usiongope kwa kahawia.

Nawasikia. Mbwa ametoka mbio, na kogo anakupigia kelele kutoka ng'ambo ya majani kwamba umesahau kofia, na wewe unamjibu unayo kichwani, na anasema basi uivae vizuri. Ukungu umewameza wote wawili, zimebaki sauti tu. Wacha niishie hapo.

Kesho asubuhi nitakupaka mafuta usoni, upende usipende, kuna baridi, na uso huo ni wangu mpaka stendi. Kisanduku sitakigusa. Kabla hatujaondoka kifungue, kimulike, tazama mlango kwa jicho lako mwenyewe kwa muda wote unaotaka, kisha ukifunge wewe.

Safari hii mimi ndiye nitakayekuwa nje, nafunga kamba za viatu.

Mama yako